Kaseti ya Pili na Viatu vya Chini ya Benchi

Juzi nilirudi Gisenyi kumwona mama. Nikamkuta mpwa wangu, anayeniita tantine kama shangazi wote wa kwetu, amejilaza kwenye kochi na simu yake, na ndani ya simu ile ukatoka wimbo mfupi, noti chache tu za kinanda cha bandia, nami nikashika ukuta. Siongezi chumvi, rafiki yangu. Nilishika ukuta, mtoto akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia niko sawa, nionyeshe hiyo. Akanionyesha: kamwanamume kadogo kenye mzigo mgongoni, kanatembea kuelekea kulia chini ya jua la manjano. Akasema simu yake ina michezo ya zamani mamia kwa mamia, unaishusha bure. Bure! Mimi niliyeilipia kwa kubeba maji.

"Iko na ya pili," akasema. "Ulicheza ya pili, tantine? Gani iko muzuri, ya kwanza ao ya pili?"

Swali dogo kabisa. Nikakaa chini kulijibu, na mpaka leo sijamaliza.

Kwanza lazima uione nyumba. Ilikuwa ya mama mmoja tuliyemwita jirani, ingawa kwetu kulikuwa ng'ambo ya mji, karibu kabisa na Petite Barrière, pale mji wetu unapoishia na Goma inapoanza, mahali ambapo ukipiga chafya huku wanakujibu kule. Nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe meusi ya volkano. Jirani alikuwa Mwislamu, nusu ya ukoo wake upande huu na nusu upande ule, na barazani alikuwa anakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani visivyozidi kidole, kwenye karai kubwa jeusi. Harufu ile iliingia kwenye nywele, kwenye madaftari, hata mwalimu wetu aliyerudi kutoka Tanzania, ambaye alikuwa anatusahihisha Kiswahili mpaka tunapata kigugumizi, aliweza kusema kwa kunusa tu nani ameshinda wapi jana.

Ndani, kwenye chumba cha mbele, palikuwa na televisheni na mashine ya michezo, mali ya mtoto wa kwanza wa jirani, kijana aliyekuwa anaota ndevu na kuzihesabu. Fedha hatukuwa nazo, naye alijua. Malipo yalikuwa maji: bidoni moja, dumu zima la maji, kwa maisha matatu ya Mubebaji, yule kamwanamume wa mchezoni. Niliuliza kwanza, bidoni iliyojaa mpaka shingoni au mpaka mdomoni? Akasema mdomoni. Nikasema kwa mdomoni nataka maisha manne, maana hiyo ya juu ndiyo inayomwagikia mgongoni. Tukakubaliana shingoni, matatu. Bado naamini nilimpunja.

Chini ya ukuta palikuwa na benchi refu. Juu yake tulikaa sisi, watoto wa wanawake waliokuwa wanavuka kwenda Goma kila siku. Chini yake vilikaa viatu vya mama zetu, na hili usipoelezwa hutalielewa. Mwanamke wa heshima hakatizi mjini na kandambili, watu watasema. Lakini pale mpakani mtu wa ushuru haanzi na mzigo wako, anaanza na miguu. Miguu yenye ngozi inatozwa kama ngozi. Kwa hiyo mama zetu walikuwa wanakatiza mji na viatu vizuri, wanafika kwa jirani, wanavivua, wanavaa kandambili zilizochoka, na kuvaa uso unaofanana nazo. Mama yangu alikuwa na uso wa mpakani ambao sikuwahi kuuona nyumbani hata siku ya njaa. Alikuwa anakwenda na nyanya na vitunguu, mwembamba kama fimbo, na anarudi mnene, amejiviringishia vitenge vya Goma chini ya nguo mpaka hawezi kuinama kuvaa viatu vyake. Nilikuwa namvalisha mimi.

Kwa hiyo viatu vilikuwa ndiyo habari yetu. Viatu viko chini ya benchi, mama yuko Goma. Viatu vimeondoka, na wewe umeondoka navyo. Kila Mubebaji alipokufa, nilikuwa nainama nahesabu, kisha nahesabu tena, kwa sababu hesabu ya kwanza ni ya macho na ya pili ni ya moyo.

Nahesabu kwa nini? Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya tisini, na mji wetu ulikuwa unaogopa. Watu wenye silaha walikuwa wanashuka kutoka upande wa milima, barabara zinafungwa bila taarifa, na gari lililoondoka asubuhi halikuwa na uhakika wa jioni. Watu wazima waliongea Kinyarwanda cha chini chini, na sisi tukiingia wanahamia kwenye bei ya vitunguu. Nilijifunza mapema kwamba bei ya vitunguu ikitajwa ghafla, kuna mtu hakurudi. Mama hakunieleza lolote. Alikuwa na maneno mawili tu ya kunilinda nayo. La kwanza: "Makelele haina shida, unajua inatoka wapi. Ogopa kama inanyamaza." La pili, alilisema kila asubuhi akinishika sikio: "Pale nakuacha, pale nakukuta. Hata mutu akuambie nini."

Sasa mchezo wenyewe. Jina lake halisi hatukulijua, maana kaseti ilikuwa na herufi kama nyayo za kuku. Tulimwita yule mtu Mubebaji, kwa sababu alifanana na wabebaji wa mpakani: mzigo mkubwa, miguu mifupi, hachoki. Anakwenda kulia tu. Mbwa wanatoka kulia, unawaona kuanzia mbali, unaruka. Ukishindwa kuruka, kuna mapipa njiani. Unainama nyuma ya pipa, mbwa wanapita juu yako kama hawakujui. Kilichopita hakirudi, picha yenyewe haikubali kurudi nyuma. Mwishoni kuna lango, wimbo ule mfupi unapigwa, Mubebaji anavuka. Nilivuka lango lile mara nyingi kuliko mama alivyovuka lake. Mubebaji akivuka na mzigo wake, jioni ile mama atarudi mnene. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijifanyia mkataba mwenyewe, na kwa muda mrefu hakuna aliyeuvunja.

Tulijua kuna kaseti ya pili. Kijana wa jirani alikuwa na binamu Goma aliyeiona kwa macho yake. Ikawa kazi ya mtu wa kuivusha, kwa sababu vitu vya umeme vilikuwa vinaulizwa maswali mengi, na mama yangu, ambaye tumbo lake lilikuwa ghala, akakubali. Mimi ndiye niliyepatana kwa niaba yake: kaseti ikifika, wa kwanza kucheza ni mimi, na siku hiyo sibebi maji.

Ilifika siku ya soko, saa za mchana, ikiwa na joto la mgongo wa mama. Alikuwa ameuza nyanya haraka kuliko kawaida, na mwanamke aliyeuza haraka ana ugonjwa mmoja tu, anataka kurudi tena. Rafiki yake wa Bugeshi, muuza viazi aliyekuwa anashuka kila soko kutoka kule juu kwenye baridi, naye alikuwa bado na gunia moja. Wakavua tena viatu vyao.

Viatu vya hao wawili vilikuwa sawasawa. Vyeusi, vya ngozi, kisigino kifupi, vimetoka kwenye robota moja la mitumba. Walivinunua pamoja kwa makusudi, kwa sababu ukichukua jozi mbili muuzaji anashusha bei. Mama alikuwa anajisifu kwa biashara ile. Tofauti ilikuwa moja tu: cha kushoto cha mama kilikuwa na kipande cha tairi kwenye kisigino. Niliijua kwa sababu mimi ndiye niliyekipeleka kwa fundi.

"Twende, dada," yule wa Bugeshi akasema, akijifunga kanga. "Tukae hapa tunangoja viazi ikue tena?"

Mama akanishika sikio. "Pale nakuacha..."

"...pale nakukuta," nikasema, jicho tayari liko kwenye televisheni.

Kijana akapuliza vumbi kwenye kaseti, akaisukuma, na mchezo wa pili ukafunguka.

Nataka nitende haki. Picha zilikuwa nzuri kupita za kwanza, nzuri mno. Tulianzia upande wa pili wa lile lango, jua limezama, mvua nyembamba inanyesha, majani yanatikisika. Mubebaji alikuwa na kivuli. Watoto wote kwenye benchi wakavuta pumzi.

"Angalia kivuli yake!" kijana akapiga kelele. "Mi nilisema nini? Inapita ya kwanza mara kumi!"

Mimi nikatazama kama mnunuzi anavyotazama kitambaa kinachong'aa: wapi kimechanika? Mzigo haukuwepo. Mubebaji hakuwa na chochote mgongoni, ana taa ndogo mkononi tu, inayomulika hatua mbili mbele. Akiruka, haruki juu kama zamani. Na picha ilikuwa inakubali kwenda pande zote mbili, kulia na kushoto. Watoto walishangilia hilo. Mimi sikushangilia, kwa sababu nilielewa maana yake: kama mimi naweza kurudi nyuma, basi kuna kitu kinaweza kutoka nyuma.

"Mu ile ya kwanza nilikuwa naona mbwa," nikasema.

"We unaogopa, sha."

"Siogopi. Nirudishie maji yangu yote ya mwezi huu."

Wakacheka. Nikaendelea. Jambo baya kuliko yote nililigundua baadaye kidogo, nalo ni muziki. Katika mchezo wa kwanza wimbo haukukoma, ulikuwa unakupiga mgongoni kama bendi ya harusi. Katika wa pili, kitu kikikukaribia, muziki unapungua. Hakionekani. Sauti moja inatoka, halafu nyingine, mpaka inabaki mvua, halafu na mvua inaacha. Nikamkimbiza Mubebaji kwenye pipa la kwanza nililoliona, nikamwinamisha nyuma yake kama nilivyozoea. Televisheni ikanyamaza kabisa. Tukangoja.

Na nilipokuwa nangoja, nikasikia kwamba televisheni haikuwa peke yake. Nje wabebaji walikuwa wamenyamaza. Watu ambao kuanzia alfajiri huwa wanatukanana kuhusu zamu, wote kimya, kama mtu amewafunika kwa blanketi. Yalibaki mafuta ya jirani tu, yanachemka barazani. Nikageuka mlangoni, nikamwona jirani amesimama na kijiko hewani.

Halafu sauti ya bunduki ikaja, kutoka mbali, upande wa milima, kama mtu anayeburuta mnyororo juu ya bati. Mara moja. Tena. Umeme ukakatika, Mubebaji akabaki nukta nyeupe katikati ya kioo, halafu hata nukta ikaondoka.

Sikumbuki nani alipiga yowe la kwanza. Nakumbuka miguu. Wanawake waliingia mbio, wengine bado wamebeba, wengine wameacha kila kitu njiani, mikono inapekua chini ya benchi, kila mmoja anavuta kiatu kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine. Hakuna aliyevaa. Walitoka na viatu mikononi, peku. Askari alipita barazani akisema mpaka umefungwa, kila mtu aondoke hapa apande mjini, na hakusema kwa sauti kubwa, ndiyo maana tuliogopa zaidi. Muda mfupi tu benchi lilikuwa tupu. Nikainama, nikahesabu, nikahesabu tena. Jozi moja.

Jirani akainama pembeni yangu. "Hizi ni za ule wa Bugeshi," akasema. "Mama yako amekwisha kupita, mwanangu. Pengine hakukuona mu ile fujo. Kuya twende, utamukuta mbele."

Nataka uelewe nilivyotaka kumwamini. Mtu mzima ameniambia, njia imejaa watu, wote wanakwenda upande mmoja. Nikavuta kiatu cha kushoto, nikakigeuza. Kisigino kilikuwa cha ngozi, kizima. Hakuna tairi.

"Tantine, hizi kweli ni za wa Bugeshi," nikasema. "Lakini mama hawezi kunipita hapa, wa Bugeshi ndiye amepita. Amebeba za mama. Mama iko Goma."

"Mana yanjye," jirani akamwita Mungu wake kwa sauti ndogo.

Kijana alikuwa tayari anafunga mashine yake ndani ya blanketi. "Mama, askari amesema tutoke! Huyu mutoto tumubebe kwa nguvu!"

Na mimi nilijua jambo moja tu duniani. Mama akivuka, atakuja kwenye benchi hili. Asiponikuta hatakwenda mjini, atanitafuta hapahapa mpakani, kwenye giza, akiita jina langu kwa sauti. Kama yuko hai atanitafuta mpaka asiwe hai. Nikashika mguu wa benchi. Halafu, kwa kuwa machozi hayajawahi kunishushia bei ya kitu chochote, nikapatana.

"Tantine, mafuta yako iko moto."

Akatazama karai. Lilikuwa limejaa karibu mpaka ukingoni. Mafuta siku zile yalikuwa mtaji mzima wa mtu. Kuyaacha barazani ni kuyagawa, na ya moto hayabebeki.

"Tungoje ipoe," nikasema. "Ikipoa, unaimwanga mu bidoni, mi nabeba mpaka mujini. Sitalia. Ikipoa tu, tunaenda."

Jirani akasogea kwenye karai. "Yewe. Huyu mutoto anauzisha hata woga," akasema, na akazima moto kwa majivu.

Tukakaa, watatu, mgongo ukutani. Kila baada ya muda jirani alichovya kidole kwenye maji na kudondosha tone moja kwenye karai. Mwanzoni tone lilipiga kelele na kurukaruka. Nilifurahi kama mtu aliyeongezewa maisha. La pili likapiga kelele ndogo. Ule mnyororo wa milimani ukaburutwa tena, sasa upande mwingine, au ni masikio yangu, sijui. Nuru ilikuwa inakwenda, ziwa lilikuwa na rangi ya sufuria. Nilitaka tone lifuatalo lilie. Sijawahi kutaka kitu hivyo. Lilitoa pumzi tu, kama mtu anayelala. Na lililofuata halikusema kitu.

"Bon, tayari," akasema kijana.

Jirani akachukua bidoni na faneli ya kumiminia. Akamimina. Rafiki yangu, sijawahi kuona mafuta yakimiminwa polepole namna ile. Uzi mwembamba kuliko wa kushonea. Kijana akafungua mdomo kumharakisha, jirani akamtazama, akaufunga. Yalikuwa yamebaki ya kuchafua chini ya karai tu, na yeye bado anayakinga, alipotokea mtu pembeni ya nyumba, upande wa mawe.

Sikumtambua. Niliyezoea kumngoja alikuwa mnene. Huyu alikuwa mwembamba, kandambili moja mguuni, nyingine hakuna, nguo imekwanyuka ubavuni. Akasimama, akatazama benchi kabla ya kutazama uso wangu. Hakunikumbatia. Alinishika sikio, akalishika hivyo hivyo.

"Palepale," akasema.

Vitenge vyote alikuwa amevifungua na kuviacha kule ng'ambo, ili apenye kati ya nyumba. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akirudi bila kitu, nami sikuuliza bei.

Nilimpa viatu. Akavigeuza, akatafuta tairi, hakuliona. "Rafiki yangu amebeba zangu," akasema. "Haina shida. Siku ya soko tutabadilishana." Hakuvivaa. Alikatiza mji wote peku, yeye mwanamke wa heshima, amevibeba kifuani, kwa sababu miguu yake ilikuwa mipana na hakutaka kumpanulia mwenzake.

Siku ya soko barabara ya Bugeshi ilikuwa imefungwa. Iliyofuata pia. Ilipofunguliwa, viazi vikashuka, na wauzaji wapya. Mama aliuliza habari za rafiki yake. Wengine walisema jioni ile alipanda gari pamoja na wengine. Wengine wakaanza kuzungumzia bei ya vitunguu. Mama hakuuliza tena.

Kaseti ya pili sikuicheza tena. Mashine iliuzwa, kijana akaenda zake Goma na ndevu zake kamili, jirani tukamzika miaka mingi baadaye, na nyumba ya mbao haipo, pamekuwa barabara pana yenye taa na jengo kubwa la mpakani ambalo watoto wa leo wanadhani lilikuwepo tangu uumbaji. Nilisimama pale juzi nikatafuta hata jiwe moja jeusi la msingi. Nilitafuta mara mbili.

Lakini mpwa wangu ana simu. Jioni ya juzi akaifungua ile ya pili, akafika pale pale, mvua nyembamba, taa ndogo, muziki unapungua sauti baada ya sauti. Nikamwambia acha, sitaki. Akacheka, akamwinamisha Mubebaji nyuma ya pipa. Kimya. Nikaona hatimaye kilichokuwa kinakuja. Kilikuwa mbwa. Mbwa yuleyule wa kwanza, rangi ileile, katokea kushoto tu.

"Unaona, tantine? Ni kambwa tu. Sasa gani iko muzuri?"

Nikamwambia ya pili ina picha nzuri zaidi, na ni kweli. Kisha nikaenda chumbani kwa mama kutafuta shuka. Juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki, kuna jozi ya viatu vyeusi, visigino vizima, vimepakwa dawa ya viatu si zamani. Tumehama nyumba na mama ameuza au kugawa kila kilichoweza kuuzwa au kugawiwa. Hivyo havijawahi kutajiwa bei.

Asubuhi nilimsindikiza sokoni. Sasa anatembea polepole, ila kwenye bei bado ni moto. Tulifika kwa wanawake wa viazi waliokuwa wameshuka kutoka juu, wamekaa mstari na magunia yao. Mama hakutazama viazi, wala nyuso. Alipita mstari wote kichwa kimeinama, akitazama miguu, kisha akarudi mwanzo wa mstari na kuanza tena.